Baba Mkwe Anamsemesha Ng'ombe, Bega Langu Linangoja

Mshauri wangu mpendwa, hujambo, naomba unisaidie maana nyumba nzima imegawanyika kwa ajili ya mkono wangu wa kulia. Mimi ni mama wa miaka hamsini na tisa, mchuma chai wa hapa Lupepo, na kwetu Wanyakyusa mwanamke hatazamani na baba mkwe wala hasemi naye, ukimwona unampisha njia, sasa juzi natoka kuteka maji namwona baba mkwe wangu mzee Andongwisye huyo hapo karibu kabisa, nikarukia migombani, kumbe mvua imelowanisha udongo, nikateleza nikaangukia mkono, na mzee wa watu naye akakimbilia upande wake, yaani kila mtu anamkimbia mwenzake. Hospitali wakapiga picha, daktari akasema mfupa umevunjika karibu na bega, vipande vimeachana, tena mifupa yangu imekonda kwa umri, lazima wapasue wafunge chuma. Mimi nataka, maana majani ya chai tunayatupa kikapuni mgongoni kwa kupitisha mkono begani, bega likikakamaa sina kazi. Shida ni baba mkwe hataki, na kwa kuwa hawezi kuniambia, kila asubuhi akikamua nyuma ya nyumba yetu anamsemesha ng'ombe kwa sauti nisikie: "Wewe ng'ombe, mtu akivunjika anavutwa na mganga wa mifupa Isakwisa, anafungwa vijiti, basi! Kisu ni cha kwenu ninyi mnaochinjwa." Halafu ananiachia maziwa mlangoni na kuondoka. Mume wangu Anosisye anamwogopa baba yake, anasema tusubiri kwanza, na mimi nami nimeanza kujiuliza, mfupa uliokonda skrubu zitashika wapi? Nifanyeje?

Monica, Lupepo

Pole sana dada Monica, na unisamehe, hapo kwenye ng'ombe nimecheka mpaka machozi.

Swali lako la skrubu ni zuri. Kwa mifupa kama yako kuna bamba la chuma ambalo skrubu hujifunga kwenye bamba lenyewe, hazitegemei mfupa peke yake. Si kila anayevunjika bega hupasuliwa, wengine hufungwa mkono shingoni wakapona, lakini wewe vipande vimeachana na daktari ameona. Huyo Isakwisa simjui, ila asikuguse. Kuvutwa bega lililovunjika kunaweza kukuharibia mishipa.

Na wewe Anosisye, najua unasomewa haya. Unasubiri nini? Mfupa haukusubiri wewe, unaanza kuunga hivyo hivyo ulivyopinda. Aibu!

Mzee mwenyewe hana ubaya, Monica. Asiyekujali asingekuachia maziwa. Anaona umevunjika kwa sababu yake, na anaogopa utafia kwenye kisu, tena kwa sababu yake. Basi kesho akianza, kaa upande wako wa ukuta na wewe umjibu ng'ombe: "Ng'ombe, mwambie baba sina kinyongo naye hata kidogo, nakwenda kutengenezwa nirudi shambani." Mtakuwa mmesemezana na desturi iko pale pale.

Kisha rudi hospitali wiki hii hii. Uliza na dawa ya kuimarisha mifupa, maana chuma kinashika palipovunjika tu. Wakikuambia anza mazoezi ya bega, anza, hata kama unalia. Mzee akikubali, akuombee. Akikataa, mwachie ng'ombe wake wabishane, wewe nenda. Bega ni lako.