Mahindi Mawili ya Bonde la Oaxaca

Jeffersontown, Kentucky
Jumatatu, 12 Mei

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo, Mama. Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii inakukuta umeamka salama, goti limepungua kuvimba, na kaka Gaudiosi amepata ile zamu ya mchana aliyokuwa anaiomba. Mimi ni mzima wa mwili. Usishangae nakuandikia wakati simu ipo. Kwenye simu ungeniuliza swali moja tu, nami ningesema uongo tena.

Kazi ya ukarani pale kwenye jumba la makumbusho, hapa Louisville, ninaipenda. Majira yote ya baridi tuliandaa maonyesho kuhusu wakulima wa kale wa Meksiko, na kwa kuwa mimi ndiye niliyechapa maelezo, nimesoma mengi juu yao. Waolmeki waliishi nchi tambarare ya joto na mvua, karibu na bahari. Mito yao ilifurika na kuacha tope zuri kingoni, na waliolima kingo hizo walivuna kuliko wenzao. Mwalimu mmoja wa chuo alinieleza kwamba huenda ukubwa ulianzia hapo: mwenye ukingo wa mto akawa mwenye chakula cha ziada, kisha akawa mwenye amri, hadi watu wakaburuta mawe kutoka milimani ili kuchonga sura za wakubwa wao. Wazapoteki walikaa juu, kwenye bonde kavu la Oaxaca. Walichimba visima vifupi katikati ya shamba, wakachota maji kwa mtungi na kumwagilia shina moja moja. Nilipochapa sentensi hiyo nilikuona wewe kule kambini Nyarugusu, na kopo lako, na jirani yetu Balagizi akikutania kwamba mahindi yako unayanyonyesha.

Kwa maonyesho hayo tulitumiwa mahindi mawili ya mbegu ya asili kutoka bonde hilo. Msimamizi wangu aliniagiza niyagandishe kwenye friza wiki mbili ili wadudu wafe. Nilitii siku mbili. Mama, nimekulia kwako, najua mbegu hutundikwa pakavu, kwenye moshi, na kwamba baridi kali huiua. Niliona ni dhambi kugandisha mbegu iliyotoka mbali hivyo. Bila kumwuliza mtu niliyatoa, nikayafunga kwa kamba juu ya bomba la joto stoo, kama ulivyotundika yako juu ya jiko pale kwako Black Rock, Buffalo, mpaka king'ora cha moshi kikalia na wazima moto wakaja. Wiki iliyofuata nikakuta panya wameniachia magunzi.

Zilibaki siku tatu kabla ya ufunguzi. Sikumwambia mtu. Ufunguzi ukafika, kabati la kioo likawa na mahindi mawili ndani, na watu wakayapiga picha. Mwezi Aprili maonyesho yote yalipakiwa kupelekwa Columbus.

Kisha ukanipigia kwamba maji yameingia chini ya nyumba na mbegu yako yote imeota ukungu. Hukulia hata kidogo. Ulicheka, ukasema ndiyo maana ulinipa mahindi mawili niyatunze huku, na ukaniomba niyatume kabla udongo wa Buffalo haujapata joto. Nikajibu ndiyo, Mama.

Jumamosi nilipanda basi hadi Columbus. Nilifikia kwa Marita, yule Mkongo wa milimani anayehudumia wazee, aliyekuja kwako mwaka jana kwa harusi. Aling'ang'ania kunisindikiza. Tulipofika mbele ya kabati akapaza sauti: "Eh! Irakoze, ile mahindi si ni ya mama yako? Donc, basi Mama Kornelia iko na miaka elfu tatu?" Alicheka hadi mlinzi akageuka. Nikamwambia mahindi yote yanafanana. Akaniangalia, kicheko kikaisha, akasema yale meupe yenye michirizi myekundu ameyala mahali pamoja tu duniani, na ni kwenye sahani yako.

Mama, alisema kweli. Ni yako. Niliyaweka mimi kwa mikono yangu, na chini yake kuna kibao nilichokichapa mimi, kinachosema yametoka bonde la Oaxaca. Mbegu ambayo bibi aliitoa kwetu Ruyigi akiificha ndani ya nguo zake, ukaipanda kambini na ukaipanda tena Black Rock, imefungiwa kwenye kioo kwa jina la watu wengine. Na mbele ya Marita niliikana.

Leo nitamweleza msimamizi wangu yote, na nitaomba yale mahindi yarudishwe. Naogopa, Mama. Huenda wakanifukuza. Huenda wakayashikilia kwa uchunguzi hadi msimu upite. Ikiwa hivyo, mwaka huu utapanda mbegu ya pakiti kutoka dukani, nami ndiye nitakayekuwa nimekufikisha hapo, si yale maji.

Nisalimie kaka Gaudiosi na wifi Angelika, na wale wa jumuiya wote. Nakuomba usinipigie hadi nikupigie mimi. Sanduku la posta liko mbele ya mlango wetu wa kazini. Nitaitumbukiza barua hii kwanza, ndipo niingie.

Mwanao,
Irakoze