Mabuli ya Udongo na Jina Lako, Imali

Dada Imali,

Usinicheke. Najua aliyekufa hasomi barua, na wewe hata ulipokuwa hai ulikuwa mvivu wa kusoma. Ulitaka mambo yote kwa sauti, kwenye simu. Lakini lililotokea wiki iliyopita siwezi kulimeza peke yangu, na hapa Jeddah hakuna mtu aliyekujua.

Mdogo wako alinitumia ujumbe wa sauti siku walipokuzika. Nilikuwa napiga pasi. Niliusikiliza mara moja, nikazima pasi, nikakaa sakafuni. Madam akauliza kuna nini, nikasema mafi mushkila, hakuna shida, madam. Nimekulilia bafuni mwezi mzima kwa sababu ndiko kwenye kitasa. Leo sikuja kulia. Nimekuja kujivuna, na wewe ndiye ninayejivunia.

Unakumbuka wiki yangu ya kwanza Riyadh? Nilitoka Voi nikijiona mchapakazi. Nikayakuta yale mabuli madogo ya bosi wetu, ya udongo kutoka China, yamepangwa kabatini. Lile la kahawia alilolipenda kuliko yote lilikuwa jeusi ndani kwa chai ya miaka. Nikalipiga sabuni na waya wa sufuria mpaka likatakata, nikakuletea nikingoja sifa. Uliniangalia ukasema, "Wakesho, mikono yako iko kazini, akili iko likizo." Ndipo ukanieleza kwamba udongo ule haujapakwa kitu juu kama vikombe vyetu, kwa hiyo unakunywa. Ukiupa chai unakunywa chai, ukiupa sabuni unakunywa sabuni, kisha unamnywesha bosi. Ulilichemsha na majani ya chai siku nne, ukibadilisha maji, ukinusa, ukitikisa kichwa. Bosi alipouliza buli lake liko wapi, ulimwambia linapumzika. Na akakubali! Kwa habari ya udongo hakukubishia.

Angekubishia vipi? Wewe mtoto wa Ilesi, mama yako mfinyanzi wa vyungu, ulikanyaga udongo kabla hujajua kutembea vizuri. Yeye alikuwa mfanyabiashara aliyekwenda China akarudi na tamaa ya mabuli bila jicho la kuyajua. Alipogundua jicho unalo wewe, akaanza kukupeleka Batha, kwenye maduka ya vitu vya Kichina, eti umbebee mifuko. Akishika buli nawe ukakohoa, analirudisha. Wenye maduka walidhani una kifua. Halafu wageni wakija, bosi anainua buli jipya na kuwaambia amelichagua kwa jicho lake mwenyewe, na wewe uko nyuma ya mlango na sinia mkononi. Mimi nilikuwa nachemka. Wewe ulisema, "Wacha ajisifu, halas. Sisi si tunajua?" Mimi sikuridhika, dada. Hata siku uliporudi Kenya sikuwa nimeridhika. Jina lako lilistahili kutajwa mle ndani.

Sasa sikia. Mkataba wangu wa Riyadh ulipoisha nilikaa nyumbani kidogo, kisha nikaja huku Jeddah, mtaa wa Al-Baghdadiyah, kwa madam mwingine. Si mbaya. Hupiga kelele asubuhi, akishakunywa chai hupoa. Wiki iliyopita rafiki yake alimletea buli la Kichina anunue, liwe zawadi ya baba yake madam, mzee anayependa chai ya Kichina. Wanawake watano wameketi sebuleni, na rafiki anamwaga sifa: udongo wa kale, fundi mashuhuri, tazama muhuri wake hapa chini. Alilisifu mno. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Madam alikuwa ameshafungua pochi.

Nililitazama nikiwa nimesimama na sinia. Lilikuwa jekundu kupita kiasi, wekundu ule ule kila mahali, tena liking'aa kama kiatu cha askari wa gwaride. Muhuri wewe ulinifundisha nisiuamini, maana yeyote aweza kuugonga. Kunyamaza kulikuwa rahisi. Nikisema nikakosea, nimemwaibisha mgeni mbele ya watu, na hapo ni kufungashiwa virago hadi maktab, ile ofisi iliyonileta, nikangoje kafili, yaani mwajiri, mwingine au ndege ya kurudi. Nilifikiria hata kukohoa, lakini madam angeniletea dawa. Nikasema, "Madam, samahani. Hili si zuri. Naomba maji ya moto, nikuonyeshe."

Yule rafiki akanitazama kana kwamba sinia ndilo lililosema. Madam akafunga pochi. "Yalla, lete."

Nilianza na mfuniko kama ulivyonizoeza. Nikajaza maji, nikaziba kwa kidole kitundu cha juu ya mfuniko, nikainamisha. Buli zuri hapo hukata maji mara moja, kwa sababu mfuniko umekaa barabara. Hili liliendelea kumwaga, tena likajikojolea kidevuni. Nikalimwagia maji ya moto nje. Udongo wa kweli huyanyonya taratibu na kunukia kama shamba baada ya mvua. Hapa maji yaliteleza, na harufu iliyopanda ilikuwa ya rangi ya viatu. Nikampa madam anuse. Akanusa, akampa jirani yake, likazunguka wote. Nikalifuta kwa kitambaa cheupe, kitambaa kikawa chekundu. Rafiki akasema hata yeye alidanganywa. Huenda ni kweli, sikumwongezea neno.

Madam akaniuliza, polepole ili nielewe, nani alinifundisha. "Yule bosi wako wa Riyadh?" Swali hilo, dada, nililingoja miaka. Nikasema, "La, madam. Aliyenifundisha mimi ndiye aliyemfundisha bosi. Anaitwa Imali. Mfanyakazi wa nyumbani kama mimi, Mkenya, mtoto wa mfinyanzi." Madam akasema, "Imali." Akanitaka nirudie, ajue kama amelitamka sawa. Wenzake nao wakalijaribu. Mmoja akalivunja vibaya, nikamrekebisha. Mimi, nimrekebishe mgeni wa madam! Nilirudi jikoni nikacheka hadi machozi yakanitoka, na sikuyafuta.

Jumamosi tunakwenda na madam kumtafutia baba yake buli lingine. Amesema nichague mimi, na mwenye duka akiuliza, atamwambia ni mimi.

Kuna jambo moja limebaki. Mdogo wako ananiambia mama yenu bado anafinyanga, na kila akikukumbuka husema uliutupa udongo wa kwenu ukaenda kuosha vyoo vya watu. Kumbe hukumwambia habari ya mabuli? Na mdomo wako wote ule? Nimeumia kuliko siku niliposikia umekufa.

Basi nakuahidi. Mkataba ukiisha sitaanzia Voi. Nitapanda basi la Kakamega, nishuke Ilesi, niketi chini karibu na vyungu vyake, nimweleze yote, na asiponiamini nimwombe chungu chochote nikigonge, nikinuse, nimwambie kasoro yake. Hapo atajua nilifundishwa na nani.

Pumzika, mwalimu wangu. Kumwambia mama ni kazi yangu.

Wakesho