Mlango Unaotazama Jiko Lako

Mpendwa mke mwenzangu, Bi Time,

Nimetoka kukusomea Yasini, nikaona nisinyanyuke kabla sijasema nawe kidogo. Mwandiko wangu unaujua, unapanda kilima. Utanisamehe kama ulivyozoea.

Leo asubuhi mwanangu Hamad kaja na udongo, ataka kuuziba mlango wa uani. Asema unaingiza upepo tu, hauna kazi. Nikamwambia, "Subiri kwanza, kaa nikueleze." Hana kosa. Wakati ule nilikuwa bado nambeba mgongoni.

Unakumbuka nilivyoachwa, msimu wa karafuu, Mgogoni nzima ikijua kabla yangu? Nikarudi na watoto kwa kaka yangu Faki. Wifi akipepeta mchele mdomo umemvimba: "Nyumba hii ina milango, lakini wageni wake hawaioni."

Chama chetu cha nyumba kilikuwa bado kichanga. Kila mchumaji akitia kidogo katika ujira wake, na msimu ukisha mmoja wetu anakopeshwa cha kununulia boriti, fito na makuti, arudishe pole pole. Shehe alitupa sharti moja: kisiongezeke hata senti, isije ikawa riba. Faida yetu ilikuwa kukandikiana, watu wote, bila malipo. Na zilikuwa zile zama za siasa, watu wakisusiana hata maziko. Wewe ukisimama kwenye shimo la udongo ukisema, "Miguu ikishaingia humu, haijulikani ya chama gani." Wakacheka, wakaingia.

Mwaka ule zamu ilikuwa yako. Makuti yako yalikuwa yamechoka, nyota zikikuchungulia kitandani. Nawe ukasema mbele ya watu nipewe mimi.

Mzee Kombo, aliyeshika mfuko, akatikisa kichwa. "Zamu si kanga, Bi Time, kwamba utamtupia mwenzio mabegani. Na asipolipa?"

"Basi deni liwe langu. Nitajenga nyuma ya jiko langu, kwenye kiwanja alichoniachia baba. Nani atalala humo, niachieni mimi."

Wanawake wakaguna. "Huyu kalishwa nini na mke mwenziwe?" Na mume wako, aliyekuwa wangu, akaja juu siku ya kukandika: "Nimemtoa mlangoni, wewe wamrudisha uani?"

Hukuinua hata kichwa, ukikanyaga udongo wako. "Wewe ndiye uliyemwacha. Mimi sijamwacha."

Wallahi, siku ya talaka sikulia kama nilivyolia siku ile.

Mahali pa mlango wa uani ulipachagua mwenyewe, utazame jiko lako, tupeane kaa la moto bila kuzunguka njiani. Masika yakaingia. Mimi mkavu na wanangu, wewe nakusikia unaburuta kitanda huku na huku kukimbia matone. Nikakuita, "Bi Time, njoo ulale huku!" Ukanijibu, "Nikija huko, nani atamsikiliza huyu akikoroma?"

Nilichuma misimu ile kama mwenye wazimu, maana ningeshindwa, aibu ingekuwa yako. Alhamdulillahi, deni likaisha. Zamu yako ilipozunguka tena, wa kwanza kuingia shimoni nilikuwa mimi, na udongo wa ukuta wako wa chumbani ni wa mikono yangu.

Sasa jiko lako limeanguka, yamebaki mafiga. Lakini kila alfajiri nikisha kusali naufungua mlango ule kabla ya ule wa mbele, nakuombea, ndipo nawasha moto. Sijapata kuona ibada yangu ikitimia bila hivyo.

Hamad alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauchukua udongo wake akazibia ufa wa upande wa mbele. Jioni hii nimemkuta uani anautia ule mlango bawaba mpya.

Mola akupe nyumba isiyovuja, na kiwanja chake kitutoshe wawili.

Ni mimi, mke mwenzio ambaye hukumwacha,
Mize