Sakafu ya Mbao Isiyo Mbao

Jumamosi, 4 Agosti 1951
Mke wangu Nyambura amesiriba sakafu kwa samadi na majivu, kama kila Jumamosi. Kabla haijakauka paka amepita juu yake, kisha mbwa. Nyayo zao zimebaki hapo. Kondoo dume tunayemnenepesha kando ya kitanda naye amekojoa. Nimesoma sura mbili za kitabu changu nikiwa nimeziba pua.

Tarehe kumi na nane tunapokea watu wa Ruiru. Kijana wao anamtaka Wanjiru, binti yetu wa pekee. Naionea haya sakafu hii.

Jumatatu, 6 Agosti
Thika, kwa miguu.

Nilipokuwa karani wa shamba la kahawa Ruiru, niliiona sakafu ya bwana kupitia mlangoni. Mbao za rangi ya asali. Mkeka wa kufutia miguu ndio uliokuwa mpaka wangu. Nimeitamani tangu wakati huo.

Seremala alicheka. Alisema huku Gatuanyaga mchwa watazila mbao kabla wageni hawajamaliza chai. Mwerezi unavumilia, lakini bei yake si ya mtu anayelima shamba la kuazima. Akashauri saruji yenye rangi nyekundu. Mwenye duka la vitambaa alinionyesha kitu cha tatu: linoliamu, zulia gumu lililokunjwa kama mkeka, juu yake imechapwa picha ya mbao, hata vifundo vyake. Nimerudi na kipande cha kila kimoja.

Alhamisi, 9 Agosti
Vipande vyote vitatu vimekaa siku tatu chini ya kondoo. Nyambura anasema nimerukwa na akili.

Mwerezi umenywa mkojo. Unanuka hata ukisuguliwa. Saruji inasafishika, lakini kondoo aliteleza juu yake, na mbwa alikataa kuilalia kwa baridi. Linoliamu nimeifuta kwa kitambaa, haina alama. Nimemshika mbwa mguu nikamkwaruzisha kucha zake juu yake mara nyingi. Mstari mmoja mwembamba, basi. Haipitishi hata tone.

Nimefurahi kama mtoto.

Jumanne, 14 Agosti
Imetandikwa. Tulishindilia changarawe kwanza, kisha fundi akabana kingo kwa vipande vya mbao. Ukisimama mlangoni huwezi kujua kwamba si mbao. Kondoo nimemhamishia kibandani.

Jirani alipoingia alivua viatu. Ningeweza kumwambia asivue. Nilimwacha.

Jumamosi, 18 Agosti
Nimejiaibisha. Naandika kabla sijaanza kujitetea.

Walikuja watano. Mbele Mzee Kariuki, baba wa kijana, na mwenzake amebeba kibuyu cha muratina, pombe yetu ya asali. Mimi ni mtu wa kanisa, lakini desturi hii siikatai. Baba wa msichana hupewa pembe ya pombe. Humwaga kidogo chini kwa ajili ya waliotangulia, kisha hunywa. Akinywa, amemkubali kijana.

Nilipewa pembe. Nikatazama chini. Nilifikiria jambo moja tu: haitapenya. Itatuama, itatiririka hadi miguuni mwao, itanata.

Nikasema, "Si hapa. Itachafua sakafu."

Mzee Kariuki akaniuliza polepole, "Itachafuliwa na nani, muthoni? Na sisi, au na wazee wako?"

Alikuwa ameshaniita mkwe. Na uani palikuwa hatua tatu tu. Sikutoka. Nikaanza kueleza jinsi linoliamu inavyotunzwa. Ndiyo, hayo ndiyo niliyoyasema.

Mmoja wao akasema, "Twendeni. Huyu amekuwa mzungu, bado kofia tu."

Waliondoka na kibuyu kikiwa kimejaa. Wanjiru alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni. Aliona yote.

Jumapili, 19 Agosti
Sikwenda kanisani. Wanjiru hataki kula nasi.

Jumatano, 22 Agosti
Habari imefika kutoka Ruiru. Kijana ameambiwa atafute kwingine. Nyambura ndiye aliyenieleza. Wanjiru hazungumzi nami.

Kwa nini sikutoka nje? Nimelikimbia swali hili siku nne. Jibu ni hili. Udongo wa uani si wangu. Tangu wazungu walipotuondoa kwenye ardhi yetu kule juu, penye baridi, miaka ishirini na minane iliyopita, sijamwaga chochote mahali hapa. Baba amelala huko, chini ya michai ya mtu mwingine. Niliona haya kumwita aje anikute kwenye shamba la kuazima. Sakafu ilinipa kisingizio tu.

Na msichana ndiye anayelipia.

Jumamosi, 25 Agosti
Ruiru. Kibuyu cha pombe yetu nilikibeba mwenyewe.

Baba wa msichana habebi pombe kuipeleka kwa mvulana. Kila aliyeniona njiani alijua kwamba nimekosea mahali. Mwanamke mmoja aliyekuwa akiuza viazi akawaambia wenzake kwa sauti ya kutosha, "Leo mzee ndiye anayekwenda kuolewa." Wakacheka. Walikuwa na haki.

Mzee Kariuki alikuwa ameketi kwenye kigoda. Hakuinuka. Nilimweleza kila kitu nikiwa nimesimama, hata habari za baba yangu. Sijawahi kumwambia mtu mambo hayo, hata Nyambura.

Kisha akasema, "Na huu udongo unafikiri ni wangu? Mimi ni kibarua hapa, muthoni. Bwana akikasirika kesho, naondoka na sufuria zangu. Baba yangu amezikwa ng'ambo ya mto Chania. Namwagia hapa hapa, na hajawahi kulalamika kwamba amepotea njia."

Akamwita mwanawe atuletee pembe. Akaijaza kutoka kwenye kibuyu changu, akanipa.

Nikamwaga pombe nyingi kuliko inavyotakiwa. Udongo ukainywa mara moja. Nikalitaja jina la baba. Nilikuwa sijalitamka kwa miaka mingi, na sauti yangu haikuwa nzuri. Kisha nikanywa, mbele ya kijana. Mzee alitazama pembeni hadi nilipomaliza. Namshukuru kwa hilo.

Jumapili, 26 Agosti
Kanisani, asubuhi. Watu wa Ruiru watarudi baada ya mavuno. Tutawapokea uani.

Wanjiru amekula pamoja nasi. Sikumwuliza kama amenisamehe. Baada ya chakula alishika birika, akaniuliza kama nataka chai zaidi.

Kikombe changu kilikuwa bado nusu. Nilimwambia ndiyo.