Kioo Kimoja cha Miwani

Kitindamimba wangu,

Chakula kiko jikoni, kipashe moto. Nguo zikikauka, zianue.

Asubuhi nimekufokea mpaka umeondoka bila kunywa chai. Lakini na wewe! Mama yako ni mshonaji, halafu unamng'olea kioo cha miwani unakibandika kwenye simu kwa plasta? Nilipoivaa nilidhani nimepofuka jicho moja.

~~Nikirudi nikute kioo kimerudi mahali pake.~~

Ulipotoka niliichukua simu nikibandue, nikaiona picha uliyoikuza kwa kioo hicho. Ni yule buibui wa chini ya beseni la kufulia, ninayemfukuza kila siku kwa ufagio. Kumbe kile kinundu cha mgongoni ni watoto! Wamemng'ang'ania hadi kichwani, naye anatembea tu. Kweli mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Kioo kaa nacho. Leo mwenzangu kazini atanitilia uzi kwenye sindano, mimi nitapiga pasi.

Beseni usilisogeze. Kesho alfajiri niamshe twende wote uani, nikamwombe radhi mama mwenzangu kwa ule ufagio.

Radhi yako wewe naiomba hapa hapa.

Mama yako, jicho moja