Kibuyu cha Jemutai

Mau Narok, 2 Februari

Binti yangu Jemutai,

Habari ya Nakuru? Na miguu je, maana hiyo ndiyo mali yetu? Huku tuko wazima, mama yako anakusalimu. Naandika kwa sababu simu hapa hukatika katikati ya neno, lakini Jerry wa lori la viazi, anayebeba barua hii, hakatiki.

Nilivyokuona kwenye mbio Jumamosi, wewe! Umekonda, mashavu yameingia, umeiva kabisa. Pale tunapopeleka maziwa nilitangaza mpaka wakanichoka. Ulimaliza wa nne, ukanywa maji yako na ya wenzako wote, nikasema ni jua tu. Kibuyu cha mursik nimeshakitayarisha, maziwa yameanza kuganda vizuri. Siku utakayoshinda nitakupokea nacho pale mwisho, vile watu wetu hupokea mwanariadha wao.

Babako, Kemboi


Nakuru, 20 Februari

Baba mpendwa,

Nakusalimu wewe na Mama, na ng'ombe pia. Mimi siwezi kusema niko mzima. Kule kukonda hakukuwa mazoezi. Nina kiu isiyoisha, nakojoa kila saa, macho yanafifia. Kliniki moja hapa walinipima, wakasema ni kisukari. Baba, nina miaka ishirini na mbili!

Wakasema kwa kuwa mimi ni mtu mzima, basi ni aina ya pili, ile ya Shangazi Jerop. Nimepewa vidonge, nipunguze ugali, nizidishe mazoezi. Nizidishe wapi tena? Usikasirike.

Binti yako, Jemutai


Mau Narok, 27 Februari

Jemutai,

Pole sana, mwanangu. Sisi hatujambo, ila usingizi umenipotea. Nikasirike kwa nini? Lakini sikiza. Pale kwa maziwa wameniuliza habari zako, nikasema una mafua. Usimwambie mtu. Wakisikia watasema mbio zako zimekwisha. Fanya kama shangazi yako: meza vidonge, ugali nusu, kimbia. Sisi si watu wa kushindwa.

Jerop nilimsomea barua yako. Akasema, "Kemboi, sukari yangu ilinikuta nikiwa mnene, na ilikuja polepole. Huyu anakula na bado anakonda. Hii si yangu. Mwambie arudi wapime ni ipi." Unamjua anavyopenda kujifanya daktari. Wewe endelea na vidonge.

Babako, Kemboi


Nakuru, 30 Machi

Baba,

Nisamehe kwa kimya. Natumaini mko salama. Mimi naendelea vizuri, na nakuandikia nikiwa nimeketi, si kitandani.

Nilifuata maneno yako. Ugali nusu, mbio asubuhi na jioni. Nikaanza kutapika uwanjani, napumua kama niliyetoka kupanda mlima, nikaamkia hospitalini. Daktari Awuor alikuta sukari juu sana na ketoni kwenye mkojo, yaani mwili ulikuwa unachoma mafuta yake kwa kukosa insulini. Nikamwambia maneno ya Shangazi. Akacheka, akasema huyo shangazi ameuliza swali zuri, lakini hapa hatukisii, tunapima.

Majibu ya damu yametoka. Mwili wangu wenyewe unashambulia kongosho, na insulini iliyobaki ni kidogo mno. Ni aina ya kwanza. Huja hata kwa mtu mzima, hata kwa mwembamba anayekimbia, na si kosa la mtu. Vidonge vile havingetosha. Ni sindano za insulini kila siku, maisha yangu yote.

Nimeanza kunenepa kidogo, na daktari ameniruhusu kukimbia taratibu, nikipima kabla na baada. Lakini najidungia chooni, kwa sababu uliniambia nisimwambie mtu. Hiyo ndiyo inaniuma, sindano haiumi hivyo. Mwezi wa sita narudi kushindana, hapa Nakuru. Kama unaona aibu, usije. Nitaelewa, ingawa huo ni uongo.

Jemutai wako


Mau Narok, 24 Juni

Mwanariadha wangu,

Habari ya miguu? Huku tuko wazima, na shangazi yako hashikiki, anatembea mikono nyuma kama daktari mkuu.

Barua yako sikuijibu kwa kalamu, nilikuja mwenyewe. Juzi tulionana, lakini kelele zilikuwa nyingi, na kuna jambo hukuliona. Nilisimama pale mwisho na kibuyu changu. Mshindi akapita. Watu wakaniambia, "Mzee, si umpe!" Nikasema huyo si wangu. Wa pili akapita, wa tano, wa kumi, wakaanza kunicheka. Jamaa mmoja akauliza, "Kwani wako ni nani?" Nikajibu mpaka yule mwenye kipaza sauti akageuka: "Wangu ni yule kule nyuma! Ana kisukari aina ya kwanza, anajidunga insulini, na mwezi wa tatu alikuwa amelazwa!" Yale makofi uliyosikia ukifika, ulidhani ni ya nani?

Pale kwa maziwa pia nimewaambia, na kwamba mafua yalikuwa uongo wangu. Kwa hivyo chooni usiingie tena na sindano. Ukija nyumbani utajidungia mezani, hata kukiwa na wageni.

Halafu vile nilivyokufikishia kibuyu mdomoni, ukanizuia: "Ngoja Baba, nipime kwanza." Watu wote kimya, wanangoja kidole chako! Nimeona washindi wengi wakipewa mursik, lakini sijaona hata mmoja aliyefanya uwanja mzima umsubiri. Nilijivuna mpaka kofia ikanibana.

Kibuyu nimekiosha, nimetia maziwa mengine.

Ni mimi, Baba Jemutai