Nyumba Uliyomchagulia Mama

Bohlokong,
Bethlehem.
17 Julai 2018

Mpendwa mdogo wangu Pheello,

Pokea salamu zetu, mimi na shemeji yako Tshokolo. Hujambo huko Perth? Ule mgongo uliokuwa unaulalamikia umetulia, na machimbo yanakupa nafasi ya kulala? Sisi tu wazima, ila baridi ya mwaka huu haina adabu. Maji ya ndoo yanaganda hata ndani ya jikoni. Mama anakusalimu sana. Kifua chake bado, na bado anakataa kuja kulala kwangu. Anasema mama mkwe mwenye haya zake haendi kukunja blanketi nyumbani kwa mkwewe. Yumo mle mle kwenye chumba cha bati alichopanga.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu huchelewi kusema mtandao mbaya.

Ni habari ya nyumba unayotaka kumnunulia Mama. Nilikwenda kuiona na dalali wako Mokete, yule uliyesoma naye. Tangu langoni roho yangu ilikataa. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na Mokete alikuwa amenipigia simu karibu kila siku tangu Juni. Nyumba haina mtu, lakini jiko la makaa ya mawe lilikuwa linawaka. Nani anawasha moto kwenye nyumba tupu? Kuta zimepakwa rangi mpya, lakini mwisho magotini. Kutoka hapo kwenda juu ni rangi ya zamani. Nikazunguka nyuma. Mtaa mzima nyasi zimeunguzwa na sakitu, ile barafu ya alfajiri, lakini nyuma ya jikoni pana majani mabichi ya kushibisha mbuzi.

"Mokete, mbona hapa pabichi?"

"Hiyo ni baraka, ausi, dada yangu Nthatisi. Wenzako wanayalilia majani hayo."

"Baraka yenye maji chini yake."

"Lo! Wewe hata ukipewa asali utauliza nyuki wamekwenda wapi!"

Alicheka peke yake.

Wewe umekulia hapa, unajua kipupwe chetu hakina mvua. Mwenye nyumba mbovu huiuza Julai, ikiwa imekauka vizuri. Mwenye nyumba nzima hana haraka, hata Januari utamkuta. Basi nikamshuku Mokete, nikamshuku mwenye nyumba, hata jirani aliyenichekea juu ya uzio nikajiuliza anafurahia nini.

Jumamosi Mama akashikilia naye aende kuiona. Akakaa mbele ya jiko, akafungua pini ya blanketi alilojitanda, akaegemea. Hakukohoa mpaka tulipoondoka. Badala ya kufurahi nilikasirika, maana sasa ningemnyima vipi?

Nikaona niende kwa mwenye nyumba mwenyewe. Ni mzee wetu, Ntate Lebusa, mstaafu wa reli, siku hizi anakaa kwa binti yake mtaa wa pili. Nilimkuta ameegemea ukuta anaota jua. Nilikuwa nimeyanoa maneno yangu, lakini hakubisha hata moja.

"Maji yanapanda, binti yangu. Mvua za Oktoba zikianza, sakafu inaloa. Ikifika Januari tunachota kwa ndoo. Mimi sikuficha. Nilimwambia Mokete. Na ndugu yako aliponipigia kutoka ng'ambo, nilimwambia vilevile."

"Yeye akasemaje?"

"Akasema Oktoba ni mbali. Akaniomba wewe usiambiwe."

Pheello, nilikaa pale pale chini kando yake. Ndipo maswali yako ya simu yakanirudia. Hukuuliza habari ya paa hata siku moja. Uliuliza kama uwanja unatosha hema, kama sebule inaweza kutolewa vyombo vyote, na mlango wa mbele una upana gani. Mtu anayenunua nyumba ya kuishi huuliza hayo? Mwezi Mei ni wewe uliyezungumza na daktari wa Mama kwa simu. Alikuambia nini ambacho mimi, ninayemkanda Mama kifua kila jioni, sikustahili kukijua?

Najua ulivyowaza. Kwetu jeneza hulala nyumbani usiku wa mwisho, hema la waombolezaji likiwa uwanjani, na hukutaka la Mama lilale kwenye uwanja wa watu, mwenye chumba akinung'unika. Ulitaka atoke kwake. Wazo lako ni la mtoto mwema. Lakini kunificha kumeniuma, tena sana.

Nilirudi kwa Mama nimeamua kumwambia habari ya maji tu, basi. Nikamwambia nyumba ile huingia maji, afadhali tusubiri mvua tuijue vizuri. Akaniangalia, akatabasamu.

"Oktoba ni yenu, mwanangu. Mimi ninunulieni Julai."

"Mama, umeambiwa nini?"

"Niambiwe na nani? Kifua si changu? Ila usimwambie Pheello. Anadhani ananificha, mwache ajione mjanja."

Nami nimekuambia, kwa sababu nimechoka kukaa katikati ya watu wanaofichana. Jana nilitia saini. Jumamosi tunamhamisha, na Tshokolo ameshapeleka magunia ya makaa ya mawe.

Imenibaki shaka moja, nayo ni juu yako. Nashuku umepanga kuja hema likishasimama, ulie na watu, kisha uwahi ndege. Usije siku hiyo, Pheello. Njoo sasa, ukae naye mbele ya jiko wakati bado anaweza kukuuliza kama umekula.

Mwanangu Refilwe anakusalimu, anasema usisahau viatu ulivyomwahidi. Shangazi Mmapuleng wa Qwaqwa naye anakusalimu, na anauliza kama utaoa huko huko. Mungu wa baba zetu akulinde ukiwa chini ya ardhi na juu yake, na akufupishie njia ya kurudi.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ninapokushuku,

Nthatisi